Bibi hakusahau, ubongo ndio haukuandika

"Kuku mmeshawafungia?"

Bibi yetu huuliza hivyo kila jioni, kuanzia saa kumi na moja mpaka anapopelekwa kulala. Nyumba iko Tukuyu, upande wa Masoko, ndani ya migomba, na kuku wenyewe hawazidi sita. Unamjibu, "Ndiyo bibi, tumeshawafungia." Anasema "ndaga", anajifunika kanga vizuri, anasogeza mikono kwenye moto. Maji ya ugali hayajachemka, anageuka: "Kuku mmeshawafungia?" Siku ya kwanza unacheka. Siku ya nne sauti inakupanda. Binamu yangu aliwahi kumhesabia jioni moja, akafika mara ishirini na moja kabla chakula hakijaiva.

Bibi huyohuyo ukimwanzishia wimbo wa kanisani, zile nyimbo za Kimoravian za Kinyakyusa alizofundishwa akiwa binti, anakwenda beti zote bila kitabu, na ukikosea neno anakukatiza. Anajua kila binti wa ukoo alitolewa mahari ya ng'ombe wangapi, na yupi kati ya ng'ombe hao aliletwa akiwa anachechemea. Rafiki yangu wa Iringa, mtu wa Kihesa, ana babu wa namna hiyo. Atakueleza alikuwa amesimama wapi Krismasi ya 1971, habari zilipofika kwamba Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, ameuawa kule Isimani. Muulize kama amekunywa chai asubuhi hii, anakutazama kama mtu aliyewekewa mtego.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Wa kwanza anasema ni uzee tu. Wa pili anasema anajifanya, mbona ya zamani anayakumbuka? Wa tatu anashusha sauti na kutaja jina la jirani. Mimi nilikuwa huyo wa pili, sitaficha. Kilichonibadilisha ni kuelewa kinachotokea ndani ya seli za ubongo wa mtu mwenye ugonjwa wa Alzheimer. Huko ndiko ninakotaka tupite pamoja, taratibu, maana ukishaona mtambo ulivyoharibika, lile swali la kuku linaacha kuwa ukorofi. Kwa kifupi: bibi hasahau jibu letu. Jibu letu halikuwahi kuandikwa.

Seli inayoishi kwa kuongea

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi, kama asilimia 2 ya mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Ndani yake mna seli za neva, yaani nyuroni, zipatazo bilioni 86. Seli ya ngozi ikifa nyingine inachukua nafasi. Nyuroni nyingi ulizonazo ni zilezile ulizokuja nazo duniani, na ikiondoka moja haina wa kuirithi.

Nyuroni ina umbo la mche uliong'olewa: matawi mengi yanayopokea habari, kiini (yaani kiwiliwili cha seli), na mzizi mmoja mrefu unaopeleka habari mbele. Mzizi huo huitwa aksoni, na zile zinazotoka kwenye uti wa mgongo hadi mguuni hufikia urefu wa karibu mita 1. Ncha ya aksoni haiigusi seli inayofuata. Pana pengo dogo sana katikati, na kivuko hicho chote kinaitwa sinapsi. Umeme ukifika kwenye ncha, vifuko vidogo humwaga kemikali, kemikali inavuka, upande wa pili inapokelewa. Nyuroni moja inaweza kuwa na maelfu ya vivuko vya aina hiyo.

Kumbukumbu haikai ndani ya seli moja kama mahindi ndani ya kihenge. Inakaa kwenye uimara wa sinapsi. Ukisikia jambo jipya, vivuko fulani vinatumika, na vikitumika kwa nguvu vinaimarishwa: vipokezi vinaongezwa, protini mpya zinatengenezwa, hata umbo la kivuko linabadilika. Fikiria njia ya mkato katikati ya shamba la chai. Hakuna meneja aliyeichora. Imechongwa na miguu ya wachumaji, na wakiacha kuipita mwaka mmoja utaitafuta.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawaambiwi. Katika Alzheimer, seli hupoteza vivuko vyake zikiwa bado hai. Watafiti waliolinganisha bongo za marehemu na majibu waliyoyatoa kwenye vipimo walipokuwa hai waliona kwamba kinachoendana zaidi na kupotea kwa akili ni upungufu wa sinapsi, kuliko wingi wa uchafu ambao tutauona hivi punde. Seli kwanza inanyamaza. Kufa kunakuja baadaye.

Vipande vilivyobaki sakafuni

Novemba 1901 mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, alipokelewa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani. Daktari Alois Alzheimer alikaa naye akimuuliza maswali na kuandika kila jibu. Siku moja mama huyo alikuwa anakula nyama ya nguruwe na koliflawa. Akaulizwa anakula nini. Akajibu spinachi. Alifariki Aprili 1906, na Alzheimer akaomba ubongo wake, akaukata vipande vyembamba, akavipaka rangi yenye madini ya fedha na kuviweka chini ya hadubini. Tarehe 3 Novemba 1906 aliwasomea madaktari wenzake mjini Tübingen alichokiona. Hawakuonyesha kujali sana.

Alikuwa ameona vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa nje ya seli: madoa ya kitu kigumu, kimetapakaa katikati ya nyuroni kama makapi. Leo tunajua ni protini iitwayo beta-amiloidi.

Ukitaka kuelewa inatoka wapi, simama kidogo kwa fundi cherehani yeyote pale soko la Mwanjelwa, Mbeya. Anakata kitambaa, vipande vinaanguka, jioni anafagia. Kwenye utando wa kila nyuroni mna protini ndefu iliyochomoza, sehemu ndani, sehemu nje. Mwili huikata mara kwa mara kwa vimeng'enya vinavyofanya kazi ya mkasi. Ikikatwa kwa njia moja, vipande ni salama. Ikikatwa kwa njia nyingine, kinadondoka kipande cha beta-amiloidi chenye viungo 40, au 42, vya asidi amino, ambazo ndizo pingili za protini. Hicho cha 42 ndicho msumbufu, kwa sababu kinanata. Kila mtu anakitengeneza, wewe na mimi pia, leo hii. Tofauti ni ufagio. Kwa miaka mingi mwili unafagia. Kwa baadhi ya watu, ama vipande vinazidi ama ufagio unachoka, vinashikana viwili viwili, vinne vinne, mwishowe vinakuwa lile doa aliloliona Alzheimer.

Unaweza kudhani madoa makubwa ndiyo yanayoua. Ushahidi unaelekeza zaidi kwenye vishada vidogo, vipande vichache vilivyoshikana lakini bado vinaelea. Hivi vinajipenyeza kwenye sinapsi na kuzuia ule uimarishaji niliousema: ujumbe unapita, lakini njia haichongeki. Na wapo wazee waliofariki na akili zao timamu, bongo zao zilipofunguliwa zikakutwa na madoa mengi. Kwa hiyo amiloidi peke yake haimalizi hadithi, ingawa bila hiyo hadithi haianzi. Dalili moja nzito: jeni inayotengeneza ile protini ndefu iko kwenye kromosomu ya 21. Watu wenye hali ya Down wana nakala tatu za kromosomu hiyo badala ya mbili, na wengi wao hupata Alzheimer mapema kuliko watu wengine.

Uchafu huu huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya mtu kupotea njia ya kwenda sokoni. Bibi alipokuwa bado anapima maharage kwa kisado na kumzidi kila mtu kwa hesabu, inawezekana kazi ilikuwa imeshaanza.

Reli bila mataruma

Kitu cha pili alichokiona Alzheimer kilikuwa ndani ya seli: nyuzi zilizosokotana, zimejaza chumba chote. Hapa nyumbani huwa nawaelezea kwa TAZARA, kwa kuwa kila mtu ameiona. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Macho yanaona vyuma, lakini kinachozuia vyuma viwili visiachane ni mataruma chini yake.

Ndani ya aksoni nako kuna reli: vimirija vyembamba vinavyotoka kwenye kiini hadi kwenye sinapsi. Protini zenye kitu kama miguu hutembea juu yake hatua kwa hatua, zimebeba vifuko vya kemikali, mitokondria ambazo ndizo jenereta za seli, na malighafi ya kukarabati vivuko. Mizigo ya haraka inaweza kwenda kama milimita 400 kwa siku. Sinapsi haina kiwanda kikubwa chake. Karibu kila kitu inangoja kiletwe. Na taruma la reli hii ni protini inayoitwa tau.

Katika Alzheimer, tau inabandikwa fosfati kupita kiasi. Kidogo ni kawaida, ndivyo seli inavyoirekebisha. Zikizidi, tau inabanduka kutoka kwenye reli. Hapo mambo mawili yanakwenda kwa mpigo. Reli inalegea, mizigo inakwama njiani. Na tau iliyobanduka haikai kimya, inajikunja vibaya, inashikana na wenzake, inakuwa zile nyuzi zilizosokotana ambazo sasa zinaziba hata njia iliyobaki. Reli ikifumuka Mlimba, pale stesheni ya Mbeya taa zitawaka, wafanyakazi watakuwepo, dirisha la tiketi liko wazi, ila hakuna kinachofika. Ndivyo ilivyo ncha ya aksoni iliyokatiwa ugavi. Sinapsi inafifia kwa njaa, wakati kiini kwa mbali kinaonekana kizima.

Baya zaidi, tau iliyokunjika vibaya inaambukiza tabia. Inavuka kwenye sinapsi, inaingia seli ya jirani, na huko inawakunja tau wazima. Si kama mafua, mtu hawezi kumwambukiza mwenzake kwa kukaa naye au kula naye. Ni seli kwa seli, ndani ya kichwa kimoja, kwa kufuata nyaya zilezile ambazo zamani zilipitisha mawazo. Amiloidi inahusikaje na hili? Inaonekana ndiyo inayofungulia tau mlango wa kusambaa, ila namna hasa inavyofanya hivyo ndipo wanasayansi wanapobishana mpaka leo.

Kuna mhusika wa tatu ambaye Alzheimer mwenyewe hakumpa uzito tunaompa sasa. Ubongo una seli za usafi na ulinzi, maikroglia. Nazifananisha na mgambo. Wakitumwa sokoni kuondoa bidhaa zilizozagaa njiani, mwanzoni wanafanya kazi waliyotumwa, na maikroglia kweli huzunguka madoa ya amiloidi na kujaribu kuyala. Wakikaa muda mrefu wakiwa na hasira, wanaanza kupindua hata meza ya mama aliyelipia ushuru. Wanamwaga kemikali za uchochezi, seli nzima zinaungua, na katika panya wa maabara wameonekana wakila sinapsi ambazo bado zilikuwa zinafanya kazi. Baadhi ya jeni zinazoongeza hatari ya Alzheimer ni jeni za seli hizi za ulinzi. Jeni iliyo maarufu kuliko zote, APOE4, inahusika na ubebaji wa mafuta katika ubongo na jinsi amiloidi inavyosafishwa. Kuwa nayo kunaongeza uwezekano, hakumaanishi hukumu.

Karani na kabati la madaftari

Sasa turudi kwa kuku.

Kama uharibifu huu ungesambaa ubongo mzima kwa usawa, bibi angesahau wimbo na kuku kwa kiwango kimoja. Hausambai hivyo. Mwaka 1991 Heiko Braak na Eva Braak, watafiti wa Kijerumani, walichora ramani ya hatua ambazo nyuzi za tau hupitia, na ramani hiyo inatumika hadi leo. Kwenye gamba la ubongo, zinaanzia kipande kidogo kilicho ndani ndani, usawa wa masikio. Kipande hicho ni mlango wa kuingilia hipokampasi, na hipokampasi ndiyo inayofuata.

Hipokampasi ni karani. Kila kinachotokea sasa hivi, nani kasema nini, wapi, muda gani, kinapita mezani kwake ili kiandikwe. Baada ya muda, yale yaliyorudiwa sana au yaliyogusa moyo yanahamishiwa kwenye makabati, yaani maeneo mapana ya gamba la ubongo. Tunalijua hili kwa sehemu kubwa kutokana na Mmarekani mmoja, Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji wa kifafa ulioondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Aliishi hadi 2008. Alizungumza vizuri, alikumbuka utoto wake, lakini daktari aliyemhudumia akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache alikuwa mgeni.

Karani wa bibi ndiye aliyeugua kwanza. Unaposema "tumeshawafungia", masikio yanasikia, sehemu ya lugha inaelewa, mdomo unajibu "ndaga". Kila ofisi imefanya kazi yake isipokuwa ile ya kuandika. Dakika tatu baadaye anaangalia daftari, ukurasa ni mweupe, na giza linaingia, na mtu aliyefuga kuku maisha yake yote anajua giza na kicheche ni ndugu. Anauliza swali la akili kabisa. Kwake ni mara ya kwanza. Jioni nayo inachangia, kwa kuwa wagonjwa wengi huchanganyikiwa zaidi jua linapozama.

Ndiyo maana hoja ya "mbona ya zamani anayakumbuka" haimnasi mtu yeyote. Ya mahari na ya Dk. Kleruu yaliandikwa karani akiwa mzima, yakahamishiwa kabatini miaka hamsini iliyopita. Wimbo uko salama zaidi, maana mambo ya kurudiarudia kwa mdomo na mikono yana njia zake, chini zaidi ndani ya ubongo na kwenye ubongo mdogo wa nyuma, ambako ugonjwa huchelewa kufika. Mpe bibi kisu na mkungu wa ndizi. Anamenya bila kutazama, maganda yanatoka mapana, utomvu anaufuta kwenye jani. Usimuulize tu ni ndizi za shughuli gani.

Ugonjwa hauishii kwa karani, na hapa sitaki kumdanganya mtu. Ukipanda pembeni, majina ya vitu yanaanza kukimbia: kijiko kinakuwa "kile cha kukorogea". Ukifika nyuma juu, ramani ya mahali inavunjika, mtu anapotea kwenye njia aliyoipita miaka sitini. Ukifika mbele, staha na busara vinalegea, na mzee aliyekuwa mpole anatukana wakwe. Mwishoni makabati yenyewe yanamwagika, na mwili unasahau hata kumeza. Wengi hufariki kwa nimonia.

Dawa, na ndugu yake aliye shambani

Dawa zilizotumika kwa muda mrefu hazigusi amiloidi wala tau. Zinajaribu kukuza sauti ya seli zilizobaki. Nyuroni zinazotoa kemikali ya asetilikolini, ambayo ni muhimu kwa umakini na kumbukumbu, hufa mapema katika Alzheimer. Baada ya kemikali hiyo kuvuka sinapsi, kimeng'enya fulani huivunja haraka. Donepezil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, humzuia huyo mvunjaji, ili ile asetilikolini kidogo iliyobaki ikae kivukoni muda mrefu zaidi. Inasaidia kiasi, kwa baadhi ya watu, kwa muda.

Wakulima wa nyanya wa Ilula watashangaa kusikia kwamba wanamfahamu kimeng'enya huyu. Viuatilifu vingi vya kundi la oganofosfati humuua mdudu kwa kumzuia mvunjaji huyohuyo, ila kwa nguvu na bila kumwachia. Ndiyo sababu mtu aliyepulizia bila barakoa hutoka mate na jasho, macho yanalia, misuli inatetemeka: vivuko vyote vimefurika. Kati ya dawa ya mzee na sumu ya nyanya, tofauti kubwa ni kiasi na namna ya kushika. (Hii si ruhusa ya kufanya majaribio. Naiandika kwa kuwa nawajua watu wangu.)

Dawa mpya zinakwenda kwenye amiloidi yenyewe. Lecanemab ni kingamwili iliyoanza kutolewa kwa dripu kila baada ya wiki mbili. Iliidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, na donanemab ikafuata mwaka 2024. Katika jaribio la miezi 18, lecanemab ilifagia amiloidi kwa kiasi kikubwa, lakini kuporomoka kwa wagonjwa kulipungua kasi kwa asilimia 27 tu. Hawakupona, walishuka taratibu zaidi. Dawa hizi zinaweza kuvimbisha ubongo au kuvujisha damu ndani yake, kwa hiyo mgonjwa lazima apigwe picha za MRI mara kwa mara, na bei iliyotangazwa Marekani ilizidi dola 26,000 kwa mwaka. Kwetu Nyanda za Juu Kusini hiyo ni habari ya kusoma. Kisayansi, hata hivyo, ile asilimia 27 inasema mengi: amiloidi ina mchango wa kweli, na kufikia siku mtu anaanza kusahau, tau na wale mgambo wameshaondoka nayo mbali.

Njiti za kiberiti

Tulimpeleka bibi kupimwa mjini. Vipimo vingi vya kumbukumbu duniani vimetungwa kwa watu waliosoma: chora saa, andika sentensi, hesabu kurudi nyuma kwa saba. Mpe kalamu bibi ambaye hakuwahi kuishika, atafeli hata akiwa mzima. Bahati nzuri suala hili limefanyiwa kazi hapa nchini. Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, waliandaa kipimo kifupi kisichohitaji kusoma wala kuandika, na mojawapo ya mambo anayoombwa mzee ni kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata umbo analoonyeshwa. Utafiti wa hukohuko Hai, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na kuendelea wana demensia, yaani kundi zima la magonjwa ya kupotewa na akili ambalo Alzheimer ndiyo kubwa lake. Ni kama mzee mmoja kati ya kumi na sita.

Daktari alipanga njiti nne mezani. Akazivuruga, akamwomba bibi azipange vilevile. Bibi alizitazama, akazikusanya moja moja, akazirudisha kwenye kiberiti na kukifunga. "Mnachezea njiti," akasema, "jioni mtawashia nini?"

Sote tulicheka, daktari naye akacheka, kisha akaandika sifuri.

Kabla ya kutamka Alzheimer aliagiza vipimo vya damu, na hapo naomba msomaji asipite haraka. Kuna mambo yanayofanana na Alzheimer lakini yanatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolala, sonona, damu iliyovujia chini ya fuvu baada ya kuanguka, kaswende ya zamani. Kwa mikoa yetu kuna mawili ya kuongezea. Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa juu kwa maambukizi ya VVU kwa miaka mingi, na virusi hivyo visipodhibitiwa hudhuru ubongo. Mzee wa miaka 70 naye anastahili kupimwa, aibu tuiache mlangoni. La pili ni tegu wa nguruwe. Tunafuga nguruwe sana, na mayai ya mnyoo huyu yakiingia tumboni kwa mikono au mboga yenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, mabuu yanaweza kwenda kukaa kwenye ubongo. Huleta kifafa hasa, na wakati mwingine kuchanganyikiwa.

Kuhusu kinga nitasema machache. Kamisheni ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, masikio yasiyosikia, macho yasiyotibiwa, pombe, sigara, kupigwa kichwani, elimu ndogo utotoni na upweke. Presha ndiyo ningeanza nayo, kwa sababu ubongo ule mlafi wa nishati unalishwa na mishipa midogo sana, na presha huichakaza kimyakimya mtu akiwa na miaka arobaini, akijisikia mzima.

Bibi tulirudi naye Tukuyu na jina la ugonjwa, dawa ya presha na ushauri. Jioni hiyohiyo kuku wakaulizwa. Nikajibu. Wakaulizwa tena. Binamu yangu, aliyekuwa amechoka na safari, akalipuka: "Bibi, tumeshakwambia mara kumi!"

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer filamu fupi za huzuni na za furaha. Muda mfupi baadaye hawakukumbuka sawasawa walichokitazama, wengine hawakukumbuka lolote. Huzuni yenyewe ilikuwa bado ipo. Hisia zina daftari lake, na karani wake si yule aliyelala.

Baada ya robo saa nilimuuliza bibi kama binamu amemkosea. "Nani?" akasema, "huyu kafika saa ngapi?" Nikammiminia chai. Chai ya Tukuyu, ya maziwa, anayoipenda. Akaisogeza pembeni na kuugeukia ukuta, na hakuimba usiku ule.